Kipimo Nacho Hupimwa

Katika masoko ya zamani ya mwambao kibaba kilikuwa na hali mbili. Kulikuwa na kibaba cha tele, kilichojazwa mpaka nafaka ikafanya kichuguu juu ya mdomo wake, na kulikuwa na kibaba cha mfuto, kilichopitishiwa kiganja mpaka nafaka ikalingana na ukingo. Chombo kilikuwa kilekile na jina lilelile, lakini mnunuzi aliyelipia cha tele akapewa cha mfuto alirudi nyumbani na mchele pungufu. Kwa hiyo haikutosha kuuliza vibaba vingapi. Ilibidi kuuliza kibaba gani, cha nani, na kimejazwa vipi. Vibaba vinne vilifanya pishi moja, na ikitokea shaka juu ya pishi ya duka moja, dawa ilikuwa kuiweka ubavuni mwa pishi nyingine ambayo watu waliiamini.

Swali hilo la kale limerudi visiwani kwa sura mpya, na safari hii limepanda baiskeli. Baiskeli ya umeme haina tangi la mafuta ambalo mtu aweza kulitikisa akasikia kilichobaki. Ina betri iliyofungwa ndani ya kasha, na kilichomo humo hakionekani, hakinuki, wala hakizidi uzito kinapojaa. Njia rahisi kuliko zote ya kuchungulia ndani ya kasha hilo ni kusoma volteji, na chombo cha kuchungulia ni voltimita: ama kidude kidogo cha tarakimu nyekundu kinachopachikwa kwenye usukani, ama ile mita ya manjano ya mafundi, yenye nyaya mbili na kitufe kikubwa cha kuzungusha katikati. Vyote viwili huuzwa kwa bei isiyopita sana sahani moja ya biriani.

Betri nyingi za baiskeli hizi ni za lithiamu, jamii iliyoingia sokoni mwaka 1991 na iliyowapatia John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino Tuzo ya Nobeli ya kemia mwaka 2019. Seli moja ya aina iliyozoeleka ikishiba huwa na volti 4.2, na ikikaribia kwisha huwa na volti 3 hivi. Betri iitwayo ya volti 36 ina seli 10 zilizofuatana, kwa hiyo hujaa kwenye volti 42. Ile iitwayo ya volti 48 ina seli 13, nayo hujaa kwenye 54.6 na kukaukiwa karibu na 39. Safari yote ya betri hiyo, tangu shibe hadi njaa, imo ndani ya volti 15 na ushei.

Na afikiriwe mwalimu mstaafu wa Unguja, mwenye baiskeli ya seli 13 aliyoinunua ikiwa imekwisha kutumika. Amezoea kutoka mjini kwenda Mangapwani kumtazama dada yake, na kurudi kabla ya magharibi. Betri yake imetoka kwenye chaja. Kidude cha usukani kinasoma 54.9. Mita yake ya manjano inasoma 54.3. Mita ya fundi wa mtaani, iliyofanana na ya kwake kama pacha, inasoma 54.2. Betri ni moja, saa ni moja, na majibu ni matatu. Mwalimu ana maswali mawili tu, na hakuna hata moja lililo la mchezo. Je, betri hii itamfikisha na kumrudisha? Na je, chaja hii ni salama kuachwa ikifanya kazi nyumbani ilhali wajukuu wamelala chumba cha pili?

Kwa swali la kwanza, tofauti ya nusu volti yaonekana kuwa kitu kidogo. Lakini volteji ya betri haishuki kwa hatua zilizo sawa. Mwanzoni hushuka upesi, mwishoni huporomoka, na katikati hutambaa. Hapo katikati, nusu volti kwenye betri ya seli 13 yaweza kuwa karibu sehemu ya kumi ya chaji yote, na kwa mtu aliye mbali na kwake hiyo ndiyo tofauti ya kufika akiendesha na kufika akisukuma. Zipo pia betri za lithiamu na fosfati ya chuma, ambazo volteji yake karibu haisogei katika sehemu kubwa ya matumizi. Kwa betri hizo voltimita ya rahisi haina la maana la kusema mpaka zimekaribia kujaa au kwisha.

Kwa swali la pili, hatari iko juu, kwenye ukingo wa shibe. Ndani ya chaja nyingi mna skrubu ndogo ya kupandisha na kushusha volteji, na fundi huigeuza kwa bisibisi huku macho yake yakiwa kwenye mita. Mita ikiwa inasoma pungufu kwa asilimia 2, itaonyesha 54.6 wakati ukweli umefika 55.7, na kila seli itakuwa imebebeshwa karibu volti 4.29 badala ya 4.2. Ndani ya betri kwa kawaida mna kidhibiti kinachotakiwa kukata umeme kabla ya hapo. Lakini kidhibiti ni mlinzi wa dharura, hakukusudiwa kuamshwa kila usiku. Na katika betri iliyofunguliwa na kuungwa upya, huenda kimeharibika au hakimo kabisa. Seli inayoshindiliwa kupita kiasi huzeeka upesi, na lithiamu huanza kuganda ndani yake mahali pasipostahili. Huko ndiko baadhi ya mioto inakoanzia. Mwaka 2023 mioto ya betri za lithiamu iliua watu 18 katika jiji la New York, na betri za baiskeli na skuta za umeme ndizo zilizolaumiwa zaidi. Hapana anayesema kuwa voltimita ndizo zilizowasha mioto ile. Idadi hiyo yaonyesha tu ni kitu cha namna gani kinachohukumiwa kwa tarakimu tatu za kioo kidogo.

Tarakimu zenyewe zina hila yake. Mpaka katikati ya karne ya 20 volteji ilisomwa kwa mshale. Mshale hutetemeka, husimama baina ya mistari miwili, na anayeusoma hulazimika kukiri moyoni kwamba anakadiria. Katika miaka ya 1950 Andrew Kay na kampuni yake ya Non-Linear Systems, huko California, walileta voltimita ya tarakimu. Tangu hapo shaka ilitoweka machoni, ingawa haikutoweka kwenye kipimo. 54.3 husimama pale imara, haitikisiki, na jicho hudhani kuwa kilichoandikwa hadi sehemu ya kumi ya volti kimepimwa hadi sehemu ya kumi ya volti.

Karatasi inayokuja na mita ya manjano, ile ambayo aghalabu hutupwa pamoja na boksi, ni nyoofu zaidi kuliko kioo. Kwa kawaida hueleza kwamba, kitufe kikiwekwa kwenye volti 200, kosa halitazidi asilimia 0.5 ya kinachosomwa, pamoja na 2 katika tarakimu ya mwisho. Kwa betri iliyoshiba, asilimia 0.5 ya 54.6 ni 0.27, na 2 katika tarakimu ya mwisho ni 0.2, jumla yake yakaribia nusu volti. Maana yake ni kwamba mita hiyo ikisoma popote baina ya 54.1 na 55.1 haijavunja ahadi yake. Karatasi hiyohiyo huongeza masharti: joto liwe baina ya nyuzi 18 na 28, unyevu usizidi asilimia 80, na usiwe umepita mwaka mmoja tangu mita isawazishwe. Msomaji wa visiwani atatabasamu. Adhuhuri ya kaskazi sharti la kwanza huwa limekwisha vunjika, na masika yakiingia la pili nalo hufuata.

Basi majibu matatu ya mwalimu yaweza kuwa yote yametolewa na mita zisizo mbovu. Jambo la kwanza linalomjia ni kupiga kura: mita mbili zimekubaliana kwa karibu, moja imejitenga, basi mbili ndizo zenye haki. Wapenzi wa tendi wanaujua mtego huu. Utendi ulionakiliwa kwa mkono, mnakili mmoja akiruka ubeti, wote watakaonakili kwake wataruka ubeti huohuo. Nakala tano zenye pengo moja haziwi mashahidi watano wa kwamba ubeti ule haukuwapo. Ni shahidi mmoja aliyesema mara tano. Mhariri wa hati hutafuta nakala iliyotoka katika ukoo mwingine. Mita mbili za manjano zenye saketi ya aina moja, pengine hata za kiwanda kimoja, ni nakala za mama mmoja, na kasoro ya mama huenda wote wameirithi. Hata chaja haiwezi kuitwa kutoa ushahidi ikiwa iliwekwa sawa kwa mita hiyohiyo, kwani kila mmoja atamsadiki mwenziwe na kadhi atabaki bila kujua lolote.

Kiswahili kina neno la kazi inayohitajika hapa. Kugeza ni kulinganisha kitu na kitu, na katika maabara za viwango nchini Tanzania kazi ya kuhakiki vipimo huitwa ugezi. Ugezi wa mita ya bei nafuu hauhitaji maabara, ila unataka subira na mpangilio.

Kwanza huondolewa makosa ambayo mita husingiziwa. Betri inayofanya kazi husoma chini ya hali yake ya kweli, kwa sababu ina ukinzani ndani yake: ukinzani wa sehemu moja ya kumi ya omu, ukipitiwa na mkondo wa ampea 15, hula volti 1.5 nzima. Betri iliyotoka kwenye chaja sasa hivi nayo husoma juu kidogo kuliko itakavyotulia. Kwa hiyo hupumzishwa kama saa moja kabla ya kupimwa. Kidude cha usukani kikitumia waya mmoja mwembamba wa hasi pamoja na taa, husoma pungufu taa ikiwashwa, kwani sehemu ya volti hupotea njiani. Na mita ya manjano ina betri yake ya volti 9. Ikichoka, rejea ya ndani ambayo mita hujilinganisha nayo hulegea, na mita huanza kusoma kupita ukweli. Mtu hudhani betri ya baiskeli imeshiba, kumbe ni ya mita iliyo na njaa.

Pili, mita huulizwa kama inakubaliana na nafsi yake. Betri ya seli 13 huwa na nyaya nyembamba zinazotoka kwenye kila seli, na fundi mwenye uzoefu aweza kupima seli mojamoja, kitufe kikiwa kwenye volti 20, ambako mita husoma hadi sehemu ya mia ya volti. Kazi hiyo haifai kufanywa na asiyeijua, maana ncha mbili zikigusana hapo, cheche hazingoji. Seli zote 13 zikijumlishwa, jumla inatakiwa ikaribiane na ile inayosomwa betri ikipimwa nzima kwenye volti 200. Mshairi hufanya vivyo hivyo anapohesabu mizani: ukwapi ukiwa na 8 na utao ukiwa na 8, mshororo mzima hauwezi kuwa na 17, na anayepata 17 arudie kuhesabu. Lakini jaribio hili lina mpaka wake. Linaonyesha kuwa mita haijipingi; halionyeshi kuwa inasema kweli, kwa kuwa vipimo vyote viwili vimetegemea rejea moja ya ndani.

Ndipo inapokuja hatua ya tatu, ya kutafuta shahidi wa ukoo mwingine. Vipo vipande vidogo vya elektroniki vilivyoundwa kwa kazi hiyo tu. AD584 ya kampuni ya Analog Devices hutoa volti 2.5, 5, 7.5 na 10, na daraja lake bora limeahidiwa kutokosea zaidi ya milivolti 5 kwenye volti 10. Hicho hutosha kuifichua mita iliyopotoka sana. Hata hivyo volti 10 si 54, na njia bora zaidi ni kuazima kwa saa moja mita nzuri yenye hati ya ugezi, kuiweka ubavuni mwa hizi za rahisi, na kusoma betri moja mara tatu: ikiwa imejaa, ikiwa katikati, na ikiwa inakaribia kwisha.

Mwalimu akifanya hivyo, mita ya kuazima ikasoma 54.6, 48.0 na 40.0, na ya kwake ikasoma 54.3, 47.7 na 39.8, atakuwa amepata kitu kikubwa. Mita yake hukosea kwa upande mmoja na kwa kadiri ileile, kama nusu ya asilimia. Akirudia kesho yake asubuhi na tena adhuhuri, majibu yakawa yaleyale, ataweza kuiamini, maana kosa lake anaweza kulilipa kwa hesabu. Kidude cha usukani huenda kikatoa habari nyingine: asubuhi kimezidi kwa 0.3, adhuhuri ya jua kali kimezidi kwa 0.7. Nyuma yake kina skrubu ya kukisawazisha, lakini skrubu hulirekebisha kosa la wakati ule tu. Haiwezi kukizuia kisibadilike pamoja na jua. Kidude cha namna hiyo hufaa kuonyesha kwamba betri inashuka, hakifai kusema imefika wapi. Kati ya vipimo viwili vya rahisi, kilicho bora ni kile chenye kosa lisilohama.

Patabaki ulizo moja: ile mita ya kuazima nayo inajuaje? Hati yake yasema kuwa ilipimwa kwa chombo kilicho sahihi kuliko yenyewe, na chombo hicho kwa kingine, mpaka kwenye maabara ya taifa. Wasomi wa mwambao hawatashangaa, kwa kuwa wamelelewa kuuliza isnadi: nani kapokea kwa nani. Isnadi ya volti ina historia yake. Alessandro Volta wa Italia, aliyeitangaza betri ya kwanza mwaka 1800, aliwahi kuuonja umeme wa metali mbili kwa ulimi wake. Jina lake lilipewa kipimo hiki katika mkutano wa Paris wa mwaka 1881. Mwaka 1893 Edward Weston, mzaliwa wa Uingereza aliyehamia Marekani, alitengeneza seli ya kadmiamu na zebaki yenye volti 1.018 hivi, tulivu kiasi kwamba kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 maabara za dunia ziliihifadhi volti ndani ya vichupa vya namna hiyo. Lakini kichupa ni kitu, na kitu huzeeka. Mwaka 1962 Brian Josephson, kijana wa miaka 22 huko Cambridge, alionyesha kwa hesabu kwamba katika metali zilizopozwa mno volteji hufungamana na idadi ya mitetemo kwa sekunde, na mitetemo mwanadamu anajua kuihesabu kwa usahihi mkubwa. Kuanzia tarehe 1 Januari 1990 maabara za dunia zilikubaliana kuitegemea njia hiyo, na tarehe 20 Mei 2019 namba za maumbile zinazoishikilia zilithibitishwa zisibadilike tena. Hapo ndipo mlolongo unapokomea, mahali pasipomilikiwa na kiwanda wala nchi.

Mita ya manjano ya mwalimu iko mbali sana na mahali hapo, lakini sasa imeunganishwa napo kwa kamba inayoweza kufuatwa. Nayo imemjibu. Betri iliyosoma 54.3 ilikuwa na 54.6 za kweli, kwa hiyo chaja yake haikuwa ikizidisha. Lau angeliiamini mita bila kuihakiki, angeligeuza skrubu ya chaja apate 54.6 ya kioo, na kuipandisha kweli hadi 54.9. Hata hivyo ameacha kuchaji usiku. Huchaji mchana, kwenye sakafu ya saruji barazani, akiwa macho. Siku zisizo na safari ndefu huikata chaja kwenye volti 53.3, ambazo ni 4.1 kwa kila seli, kwa kuwa betri isiyoshindiliwa hudumu zaidi. Na akifika Mangapwani hakimbilii kuisoma mita mlangoni. Hukaa na dada yake, hunywa kahawa, betri ikatulia, ndipo huipima na kuamua kama safari ya kurudi ni ya kupitia njia ndefu ya pwani au ya kunyooka.

Nyuma ya mita amebandika kipande cha karatasi chenye mistari mitatu ya wino: 53.0 ni 53.3; 54.3 ni 54.6, na chini yake tarehe ya siku alipoigeza, kwa sababu mwaka ukipita maneno hayo nayo yatahitaji shahidi.